Kanzu ya Mtoto Mbele ya Mtu wa Forodha

Kamati ya kitabu hiki imenitaka nijaze kurasa chache, na kwa kuwa mwalimu aliyestaafu hudhaniwa kuwa hana shughuli, hakuna aliyeniuliza kama ninayo nafasi. Nimechagua jambo ambalo kwa jina lake halina ladha hata kidogo: namna serikali inavyozipanga nguo za watoto zinazotoka nje ili ijue kuzitoza ushuru. Nakuombeni msigeuze ukurasa. Jambo hili lilitugawa katika mkutano wa jumuiya, wakubwa kwa vijana, na ndani yake mna suala linalotuhusu sote tuliolea watoto mbali na kwetu.

Kisa ni hiki. Kina mama wa jumuiya walipanga kuagiza kanzu 60 za wavulana kutoka Maskati, ziuzwe hapa kabla ya Idi, na faida iende kwenye madrasa yetu ya Jumamosi. Fundi wa huko alikubali dola 12 kwa kanzu moja. Fedha zikachangwa, vipimo vikaanza kuchukuliwa, mpaka tukafika kwenye fomu ya mzigo, ambayo ina mstari unaotaka jina la bidhaa. Kijana wetu mmoja, mwenye uzoefu wa kupokea mizigo, akasema tuandike neno la Kiingereza "costume", kwa kuwa "costume" za watoto huingia Marekani bila ushuru, ilhali nguo hutozwa. Wengi walifurahi. Ndipo mama mmoja aliyekuwa amekaa nyuma akauliza, "Kwani mwanangu akivaa kanzu, anajigeuza nani?"

Watu walicheka, kisha wakanyamaza. Mimi nikapewa kazi ya kwenda kuisoma hiyo sheria, kwa hoja kwamba mtu aliyesahihisha insha za kidato cha nne miaka mingi hawezi kuyaogopa maandishi marefu. Niliyoyapata ndiyo haya.

Kwanza neno lenyewe. Kwa Kiingereza "costume" ina maana mbili ambazo Kiswahili hakizichanganyi. Maana moja ni vazi la watu wa nchi fulani au zama fulani, kama tusemavyo vazi la Kiomani au vazi la mwambao. Maana ya pili ni nguo ya kujigeuza, ambayo mtoto huivaa ili kwa saa chache awe simba, haramia, mchawi au mfalme. Mwalimu wa skuli ya hapa anapomwambia mjukuu wangu aje na "costume" ya kwao katika siku ya mataifa, anakusudia maana ya kwanza. Duka linapotundika "costume" mwezi wa Oktoba, kwa ajili ya Halloween, linakusudia ya pili. Na mtu wa forodha anapolisoma neno hilo kwenye karatasi, hufahamu ile ya pili, wala sisi hatupo pale kumfasiria.

Pili, daftari la ushuru. Nchi nyingi za dunia hupanga bidhaa kwa daftari moja linalotunzwa na Shirika la Forodha Duniani, lililoanza kutumika mwaka 1988. Marekani ililichukua mwaka 1989. Kila kitu kinachovuka mpaka kina nambari yake humo, kuanzia farasi aliye hai katika Sura ya 1 mpaka picha ya kuchorwa kwa mkono katika Sura ya 97. Tarakimu sita za mwanzo ni zile zile kwa nchi zote zinazolitumia daftari hilo. Zinazofuata kila nchi huongeza zake, na kiwango cha ushuru kila nchi hujiamulia wenyewe.

Katika daftari hilo, Sura ya 61 ni ya nguo za kitambaa kinachovutika, kama fulana. Sura ya 62 ni ya nguo za kitambaa cha mtande na mshindio, kama shati na kanzu. Kofia ina sura yake, ya 65. Mbali kabisa na hizo iko Sura ya 95, ya vitu vya kuchezea watoto na zana za michezo, na ndani yake kuna kifungu cha 9505, cha vitu vya sikukuu, sherehe na burudani. Tofauti ya sura hizi ni fedha. Nguo ni miongoni mwa bidhaa zinazotozwa ushuru mzito Marekani, na kitu cha sherehe cha kifungu cha 9505 kiwango chake cha msingi ni sifuri.

Mtu angedhani basi mambo ni mepesi: nguo ya kujigeuza ni mchezo, na iende Sura ya 95. Walakini mwanzoni mwa Sura hiyo pana tanbihi inayoyatoa nje mavazi ya kujigeuza yaliyoshonwa kwa kitambaa, na kuyarudisha kwenye sura za nguo. Mkono mmoja unakaribisha, mkono mwengine unafukuza. Hapo ndipo mawakili walipopata riziki yao.

Katika miaka ya 1990, kampuni ya New York iitwayo Rubie's Costume Company ilipeleka malalamiko kwa Idara ya Forodha. Kampuni hiyo ilikuwa ikitengeneza nguo za kujigeuza hapa hapa Marekani, na ilidai kwamba zile zinazoingizwa na wafanya biashara wengine kutoka nje ni nguo na zitozwe kama nguo. Idara ilikataa mwaka 1998. Ilikwisha kujiwekea kanuni: vazi la kujigeuza likiwa jepesi, dhaifu na halikumalizwa vizuri, ni kitu cha sherehe, halina ushuru; likiwa limeshonwa barabara, ni nguo. Kampuni ikaenda mahkamani, na mwaka 2002 Mahkama ya Biashara ya Kimataifa ya Marekani ikaipa ushindi. Serikali ikakata rufaa, na mwaka 2003 Mahkama ya Rufaa ikaipindua hukumu ile na kuikubali kanuni ya Idara.

Hoja ya mahkama inafaa kuelezwa, kwa kuwa imejengwa kwa utulivu. Tanbihi ile, walisema, inalitoa nje vazi la kujigeuza ambalo ni nguo kweli. Basi nguo ni nini? Tangu mwaka 1893 Mahkama Kuu ya Marekani ilikwisha kueleza kuwa nguo ni vitu vinavyovaliwa kwa kawaida, na mahakimu waliofuata wamezoea kuangalia mambo matatu: sitara, raha ya mwili, na pambo. Kitu dhaifu kinachonunuliwa kwa ajili ya mchezo wa usiku mmoja hakivaliwi kwa sitara wala kwa raha ya mwili, na hata pambo lake si pambo la nguo. Kwa hivyo si nguo, na tanbihi haikigusi.

Miongoni mwa mavazi ya watoto yaliyokuwa yakigombewa katika shauri hilo, pamoja na la haramia na la mchawi, lilikuwamo moja lenye jina la kibiashara "Abdul Sheik of Arabia", yaani Abdul, Sheikh wa Arabuni.

Nilipolisoma jina hilo nilivua miwani. Babu yangu hakuwa sheikh wa Arabuni wala wa mahali popote. Alikuwa karani wa ghala ya karafuu Unguja, na alikuwa na kanzu tatu: ya kazini, ya nyumbani, na ya Ijumaa. Ya kazini ilikuwa na wino kwenye mkono wa kulia. Ya nyumbani ilikuwa ni ya Ijumaa iliyozeeka. Nguo hizo zilifuliwa, zikapigwa pasi ya makaa, zikatiwa viraka. Hata siku moja hakutokea mtu aliyedhani kuwa mzee yule anaigiza.

Pengine mtatarajia niseme kuwa niliona tusi. Sikuliona, na nitakuambieni kwa nini. Ukiisoma hukumu kwa makini utaona mahkama haikusema kanzu ni mchezo. Imesema kinyume chake. Imekitazama kile kitambaa chepesi chenye jina la Abdul, ikasema hiki si vazi, hiki ni kitu cha kuchezea kwa siku moja, na kwa sababu hiyo hakilipi. Lau kingekuwa nguo kweli, kingelipa. Basi katika daftari la Marekani, Abdul wa dukani na kanzu ya babu yangu haziko sura moja. Kati yao zimepita sura thelathini na zaidi. Nani angetutenganisha vizuri kuliko hivyo?

Mwaka 2019 ikaja hukumu ya pili, na mwenye shauri alikuwa kampuni ile ile. Safari hii ilikuwa imeingiza suti nyekundu ya Baba Krismasi ya watu wazima, ya daraja la juu, na sasa ikadai kwamba hiyo si nguo bali ni kitu cha sherehe, isitozwe. Wahenga wamesema mwamba ngoma huvutia kwake. Mahkama ya Rufaa ikaitazama suti: koti lina bitana na zipu, limeshonwa la kudumu, mtu anaweza kulivaa mwaka baada ya mwaka. Ikahukumu kuwa koti na suruali ni nguo. Koti lilikuwa na ushuru wa asilimia 32, na suruali asilimia 28.2. Haikusaidia kitu kusema kwamba hakuna avaaye suti ile isipokuwa Desemba.

Hukumu hii ya pili ndiyo iliyonijibia hoja moja ya mkutanoni. Bwana mmoja mtu mzima alisema, "Jamani, Idi ni sikukuu au si sikukuu? Ikiwa kanzu hizi ni za Idi, basi ni vitu vya sikukuu, na kifungu cha 9505 ni chetu." Hoja tamu, na angekuwa mwanafunzi wangu ningempa alama. Lakini suti ya Baba Krismasi ina siku yake pia, na haikuponea hapo. Kuvaliwa siku ya furaha hakuifanyi nguo iache kuwa nguo. Hata nguo ya bibi harusi huvaliwa siku moja, na bado ni nguo.

Mtu wa forodha basi huangalia nini? Haangalii dini ya mvaaji wala nchi ya babu yake. Huigeuza nguo ndani nje. Kingo za kitambaa zimekunjwa na kushonwa, au zimeachwa na nyuzi zinaning'inia? Shingo imemalizwa kwa utepe au ukosi, au imekatwa tu kwa mkasi? Inafungwa kwa zipu na vifungo, au kwa kipande cha utepe wa kunasa mgongoni? Mishono ina nguvu, au ukivuta itaachana? Kitambaa kinastahimili kufuliwa? Hakuna alama moja inayoamua peke yake. Hutazamwa zote kwa pamoja.

Niliposoma orodha hiyo niliwakumbuka mama zetu. Kanzu ya mtoto siku zile ilishonwa na upindo mpana, vidole vinne au vitano, ukakunjwa kwa ndani. Mtoto akirefuka, upindo hufumuliwa ukateremshwa, na mstari wa mahali ulipokuwa zamani hubaki unaonekana kama alama ya maji ukutani. Wenzetu wenye nafasi walifanya hivyo na wasio na nafasi walifanya hivyo. Mtoto alijua kuwa nguo ile imekusudiwa kukua naye, na akimaliza yeye itamfikia mdogo wake. Nadhani hapana ushahidi mkubwa kuliko ule wa kumwonyesha mtu wa forodha. Hakuna amwekeaye haramia wa Halloween upindo wa mwaka ujao.

Tuje kwenye hesabu, maana jumuiya haiendeshwi kwa kumbukumbu. Kanzu ya mvulana ya kitambaa cha mtande na mshindio mahali pake ni kifungu cha 6211, cha nguo nyingine za wanaume na wavulana. Kiwango cha msingi ni asilimia 8.1 ikiwa ni ya pamba, na asilimia 16 ikiwa ni ya nyuzi za kiwandani kama poliesta. Zikiwa nyuzi zimechanganywa, inahesabiwa ile iliyozidi kwa uzito. Kanzu zetu 60 kwa dola 12 ni dola 720. Zikiwa za pamba, ushuru ni dola 58 na senti 32. Zikiwa za poliesta, ni dola 115 na senti 20, yaani dola 1 na senti 92 kwa kila kanzu. Viwango hivi ni vya msingi tu. Tangu mwaka 2025 kumekuwa na nyongeza zinazowekwa na kubadilishwa, na anayeagiza lazima aulize upya kila mara.

Mtasema mbona zamani mlituletea vifurushi bila ya maneno yote haya. Ni kweli. Tangu mwaka 2016 kifurushi kisichozidi dola 800 kiliweza kuingia Marekani bila ushuru, kwa mtu mmoja kwa siku moja, na hizi dola 720 zetu zingepita kimya. Msamaha huo ulisimamishwa tarehe 29 Agosti 2025. Wengine wamenikumbusha mkataba wa biashara huru baina ya Marekani na Oman, ulioanza kazi tarehe 1 Januari 2009. Mkataba upo, lakini kwa nguo kanuni yake kuu haitosheki na kushonwa Oman. Hutaka uzi wenyewe, na kitambaa kilichofumwa kwa uzi huo, viwe vya nchi mbili hizo. Vitambaa vingi vya kanzu vinavyouzwa katika maduka ya Maskati vimetoka Japani, Korea na kwengineko. Fundi wetu ni Muomani, cherehani iko Oman, lakini uzi ni mgeni.

Sasa nirudi kwa yule kijana, kwa kuwa sitaki aonekane kama mtu mwenye hila. Alinijia nyumbani baada ya mkutano tukazungumza mpaka magharibi. Alinambia, "Ami, wewe unaona hii ni haki? Yule Abdul wa bandia anaingia bure, na kanzu ya kweli inatozwa. Wenye kutucheza hawalipi, na sisi wenye nguo tunalipa." Nilimjibu kuwa kwa upande wa fedha ana haki ya kulalamika. Ushuru wa nguo ni mzito, na mzigo wake humwangukia zaidi mwenye watoto wengi na kipato kidogo, kwa kuwa watoto hawaachi kurefuka. Lakini nikamwomba atazame ni nani mwengine anayelipa katika sura hiyo. Shati la daktari analipa. Suruali ya fundi wa magari inalipa. Sare ya skuli inalipa. Sura ya 62 ni ya watu wanaovaa nguo kwenda kwenye shughuli zao. Akatabasamu akasema, "Kwa hivyo tununue heshima kwa dola mbili?" Nikamwambia heshima tunayo, dola mbili ni za kutoikana kwa maandishi.

Na maandishi ni jambo zito, mbali na heshima. Sheria ya forodha ya Marekani humwadhibu mwingizaji anayetoa maelezo yasiyo ya kweli, awe amekusudia au amezembea tu, na anayewajibika ni yule ambaye jina lake liko kwenye karatasi. Katika mzigo wetu jina hilo lingekuwa la mama mmoja mwenye watoto wanne. Tusingeweza kumwachia yeye peke yake neno ambalo sote tulilipigia makofi.

Ndugu zetu wa London waliposikia habari hii walituletea mfano wa kwao, unaoonyesha kuwa jina la kitu si mambo ya fedha tu. Uingereza nguo za watoto wadogo hazitozwi kodi ya mauzo tangu kodi hiyo ianze mwaka 1973. Lakini katika sheria za usalama, nguo ya mtoto ya kujigeuza huhesabiwa kuwa ni kitu cha kuchezea, na kipimo chake cha moto ni cha vitu vya kuchezea. Usiku wa Halloween wa mwaka 2014, binti wa mtangazaji mmoja mashuhuri aliungua vibaya baada ya vazi lake kushika moto wa mshumaa. Nchi nzima ikauliza kwa nini kitu kinachovaliwa mwilini kipimwe kama mwanasesere. Baadaye wenye maduka walijiwekea kanuni ya hiari ya kuzipima nguo hizo kwa ukali wa nguo za kulalia. Marekani, kinyume chake, vazi lile lile ambalo forodha inaliita kitu cha sherehe, wasimamizi wa usalama wa bidhaa hulihesabu kuwa ni nguo linapofika kwenye suala la kushika moto. Kitu kimoja kina majina mawili katika serikali moja, na kila jina lina sababu yake. Mtoto ni mmoja tu, na ngozi yake ni moja.

Kwa hiyo nawaomba akina mama, mwezi wa Oktoba watoto wakitaka kwenda kujigeuza na wenzao wa skuli, tazameni kitambaa kwa vidole vyenu, wekeni mbali mishumaa, na msimvalishe mtoto kanzu yake kwenda kuwa Abdul. Ikiwa lazima awe kitu, basi awe simba.

Nilimpigia simu dada yangu Maskati, maana yeye ndiye aliyetutafutia fundi, nikamweleza kuwa kuna waliotaka mzigo uandikwe nguo za kujigeuza. Alinyamaza kidogo, akasema, "Mwambie anayetaka hivyo aje akae hapa atazame shingo ya kanzu inavyodariziwa. Akimaliza kutazama, aandike atakavyo." Sikuwa na la kuongeza.

Sasa nina neno moja kwa sisi wenyewe, nalo ndilo lililonifanya niandike. Siku hizi zimejaa kanzu za watoto nyepesi, za bei ndogo, kitambaa ukikiinua unaona dirisha. Tunazinunua wiki ya Idi, mtoto anavaa asubuhi, anapigwa picha, picha inapelekwa Maskati na London, na adhuhuri kanzu imekwisha kuvuliwa. Idi ya pili haimwenei, haina upindo wa kuteremsha, na mshono wa kwapa umeachana. Inatupwa. Mtu wa forodha akiigeuza kanzu hiyo ndani nje, atapata taabu kuitofautisha na ile ya Abdul, na hatakuwa na makosa. Hakuna serikali iliyoihamisha kanzu yetu kutoka Sura ya 62 kwenda Sura ya 95. Tutaihamisha sisi kwa mikono yetu, tukiifanya nguo ya picha.

Mtoto anayeiona kanzu mara moja kwa mwaka ataichukulia kuwa ni nguo ya kujigeuza hata ikiwa imeshonwa kwa hariri. Anayeivaa madrasa kila Jumamosi, akaimwagia chai, akakemewa, ikafuliwa, akaivaa tena, huyo anayo nguo. Hahitaji kuambiwa kwamba si mchezo.

Mkutano wetu wa pili uliamua hivi. Mzigo umeandikwa kwa uwazi: kanzu za wavulana, kitambaa cha mtande na mshindio, kiasi cha pamba na kiasi cha poliesta kwa asilimia, zimeshonwa Oman, idadi 60, bei dola 12. Aliyeijaza fomu hiyo ni yule yule kijana, kwa hati nzuri kuliko yangu. Bei ya kila kanzu imeongezwa dola mbili, na aliyeshindwa kuziongeza ameongezewa na wenzake bila ya jina lake kutajwa. Kwa mizigo ya baadaye, jueni kuwa Idara ya Forodha humpa hukumu ya maandishi, bila malipo, anayeuliza mapema kabla ya mzigo kufika. Mwenye kuagiza joho la msichana, koti la darizi au kitu kingine chochote, aulize kwanza, asiwategemee majirani, wala asinitegemee mimi.

Waliokuwa hawajaleta vipimo wanaombwa wavilete kwa mama aliyeshika daftari. Mpimeni mtoto akiwa hana viatu, kuanzia bega mpaka kifundo cha mguu, na urefu wa mkono. Tumemwambia fundi aache upindo wa vidole vinne kwa kila kanzu.